Saa Nane Tu

Kila ikifika saa nane mchana, Fundi aliacha cherehani yake, akanyoosha mgongo, akapita jikoni na kwenda kufungua mlango wa uani. Hakuwa na shughuli yoyote uani saa hiyo. Nguo alizianika asubuhi, vyombo vilikwisha kuoshwa, na jua la saa nane si la mtu kusimama. Alifungua tu, akasimama kizingitini mikono kiunoni, akatazama: kamba ya nguo, ndoo mbili, mtungi wa gesi uliokwisha, ukuta wa jirani uliopandwa vipande vya chupa. Akitosheka, alifunga akarudi kazini. Wateja walidhani ni mambo ya umri. Umri gani! Ilikuwa hasira.

Hasira yenyewe ilianzia kwenye maneno matatu. Wakala wa kazi za nje, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Tikiti, alikuja kumchukua binti yake wa mwisho akafanye kazi za ndani ng'ambo. Binti huyo aliitwa Kitinda tangu azaliwe, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, na jina likamganda. Bwana Tikiti alikunywa chai vikombe viwili, akamwona Fundi ana wasiwasi, akacheka kwa ukarimu.

"Mama yangu, hofu ya nini? Kwani mtoto anakwenda mwezini? Ndege saa nane. Saa nane tu, mama."

Akaongeza kwamba wasichana wote watalala ofisini kwake usiku wa kuamkia safari, wafundishwe kutumia mashine ya kufulia, na wazazi watakuja kuwaaga uwanja wa ndege.

Basi Fundi akaenda uwanja wa ndege saa nane. Alivaa gauni la sherehe na kwapani alikuwa na sweta alilomfumia mwanawe, maana alisikia huko ndani ya ndege kuna baridi. Mlinzi wa mlangoni akamtazama, akatazama saa yake, akamtazama tena.

"Mama, hiyo ndege imeruka tangu asubuhi."

"Niliambiwa saa nane."

"Saa nane za angani, mama. Kutoka uwanja huu mpaka uwanja ule. Mtu anakaa ndani ya ndege masaa manane."

Lugha yetu hii ina neno moja la saa ya ukutani na saa za kukaa safarini, na waongo wote wanalijua hilo. Fundi alisimama pale na sweta lake, watu wakimpita na mabegi ya magurudumu, akasimama mpaka miguu ikauma, halafu akarudi nyumbani bila kumuaga mtoto wake. Jirani, mama mmoja mfuga kuku asiyejua kuufunga mdomo, akamcheka waziwazi. "Na wewe nawe! Hukuisikia hiyo 'tu'? Ukisikia 'tu' ya wakala, jua umekwisha."

Fundi hakucheka. Yeye aliahidiwa saa nane, na saa nane yake hakupewa. Ndiyo maana kila siku ilipofika aliinuka kuidai.

Mwanzoni Kitinda alipiga simu, kwa sauti ya chini, akikata katikati ya neno. Kisha simu ikawa haipatikani. Bwana Tikiti hakukosa majibu. Mtandao wa kule unasumbua. Kazi zimembana. Watoto wa siku hizi ndivyo walivyo, wakishika hela wanasahau kwao. Hilo la mwisho lilimfanya Fundi arushe mkasi ukutani, na tundu lake lipo mpaka leo.

Jumanne moja alifungua mlango wa uani na ua haukuwepo. Palikuwa na jiko kubwa lenye sakafu nyeupe, friji yenye milango miwili, na dirisha ambalo nje yake jua lilikwisha kuanza kuinama, kwa kuwa kule wako mbele kwa saa. Katikati ya jiko, kwenye meza ya kupigia pasi, Kitinda alikuwa amempa mgongo, ananyoosha kola ya shati.

"Geuka," Fundi akasema.

Kitinda akageuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimekonda." Akaiweka pasi wima. "Nilikungoja uwanjani. Nilikaa nikiangalia mlango mpaka wakatuita."

"Nilikuja, mwanangu. Nilikuja saa nane."

"Tulikuwa tumeshaondoka."

"Nimeshaambiwa."

Halafu Fundi, ambaye macho yake yamezoea kuona mshono ulioruka kwa mbali, akaona mkono wa kushoto wa binti yake. Juu ya kiganja palikuwa na kovu bichi, limechongoka mbele na pana nyuma. Hakuhitaji kuuliza lilichorwa na nini, pasi yenyewe ilikuwa pale mezani.

"Nani?"

"Madam. Alisema shati halijanyooka."

"Mshenzi!" Fundi akasema. "Mshenzi mkubwa! Vaa viatu, twende nyumbani."

"Viatu anavifungia yeye. Na pasipoti."

"Njoo peku! Kwani hapa kuna miiba?"

Kitinda akazima pasi, maana alikuwa mtoto aliyelelewa, akafuta mikono kwenye aproni, akaja mpaka kizingitini na kuinua mguu. Kizingiti kile kilikuwa cha inchi sita, Fundi mwenyewe alikipima baadaye kwa futi yake ya kupimia nguo. Lakini kwa Kitinda umbali ulikuwa palepale ulipokuwa. Alipotoa mguu jikoni, hakuukanyaga upande wa mama yake. Fundi alimwona akienda mbali huku amesimama mbele yake, nguo zikimpepea, kilemba kikimchomoka na kupeperukia kusikojulikana. Alikaa huko muda wa maji kuchemka. Aliporudi kuanguka kwenye sakafu nyeupe, nyusi zake zilikuwa na barafu na midomo imekuwa ya buluu.

"Kuna baridi sana huko katikati," akasema alipoweza kusema. "Na hakuna pa kukanyaga."

Fundi akamtupia lile sweta, na sweta likapita bila shida. Saa tisa ilipogonga, jiko likaondoka na ua ukarudi, na kamba yake na ndoo zake.

Kesho yake, kuku wa Jirani, jogoo mwekundu mwenye kiburi, alikuwa akizurura ndani kwa Fundi kama kawaida yake. Mlango ulipofunguliwa saa nane akavuka kizingiti kwa hatua moja, akatua jikoni kwa Madam, akawika. Kurudi ikamshinda. Alijaribu, akaenda kule katikati, akarudi amepoteza mkia. Jioni hiyohiyo Kitinda aliamriwa kumchinja na kumpika. Jirani alikuja juu, akataka alipwe kuku wake, na Fundi akamwambia akamdai aliyemla. Hapo ndipo ilipojulikana mtaani, bila ubishi wowote, kwamba mlango wa uani wa Fundi unatoka nje ya nchi, kwamba kwenda ni hatua moja, na kwamba kurudi ni masaa manane kwa ndege, kwa mwenye ndege.

Mikono ilikuwa na sheria yake. Fundi akibaki upande wake, mkono wake ulivuka na kurudi salama. Kitinda naye aliweza kuuleta mkono wake upande wa nyumbani, mradi kiwiliwili kibaki jikoni. Kwa hiyo walikuwa wakishikana mikono. Fundi alilipaka dawa lile kovu kila siku, akalifunga kitambaa safi, huku akitukana kimoyomoyo na wakati mwingine kwa sauti.

Siku ya nne Madam mwenyewe aliingia jikoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye nywele zilizotengenezwa na kucha ndefu. Akamwona Fundi mlangoni, akaona nyuma yake jiko dogo lenye masizi, akasema jambo kwa lugha yake.

"Anasemaje?"

"Anasema ufunge mlango, unaingiza joto."

"Mwambie nimekuja kumchukua mwanangu."

Kitinda akatafsiri. Madam akasikiliza huku macho yake yapo kwenye futi iliyoning'inia shingoni kwa Fundi. Akauliza swali.

"Anauliza wewe ni fundi nguo?"

Alipojibiwa ndiyo, Madam akatoka, akarudi na suruali tatu za mumewe na mapazia ya sebuleni, akavitupa juu ya kizingiti. Suruali zipunguzwe urefu, mapazia yaongezwe.

Sasa hapa watu huwa wanamlaumu Fundi, eti alikubali vipi. Wanaolaumu hawana mtoto jikoni kwa mtu. Fundi alijiambia mkono mtupu haulambwi, akimshonea huyu mama vizuri moyo wake utalainika. Akapunguza suruali. Akaongeza mapazia, akayatia pindo maridadi kuliko lililokuwepo. Zikaja shuka, yakaja magauni, ikaja sare ya shule ya watoto. Malipo hayakutajwa na upande wowote. Wateja wake wa mtaani wakaanza kulalamika kwamba nguo zao hazishonwi, na walikuwa na haki. Baada ya majuma kadhaa, alipoona nguo za nyumba nzima ya Madam zimepita mikononi mwake, akasema sasa ndio wakati.

"Mwambie naomba pasipoti ya mwanangu. Naomba kwa heshima."

Madam akajibu maneno machache huku anakagua pindo.

"Anasema mkataba bado. Ukiisha ataangalia."

"Ataangalia nini?"

"Hakusema."

Damu ikampanda Fundi mpaka masikioni. "Mwambie hana utu! Mwambie mtoto wa mwenzie si kitambaa cha kujaribia pasi. Mwambie akizeeka atakosa wa kumpa maji, yeye na ukoo wake wote!"

Kitinda akageuka, akasema sentensi moja fupi kwa adabu. Madam akatabasamu, akampungia Fundi kucha zake ndefu, akatoka.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia unasema mapazia ya chumbani yatakuwa tayari Ijumaa." Kitinda hakumtazama. "Mama, wewe ikifika saa tisa unafunga mlango. Mimi nabaki."

Siku hiyo Fundi hakula. Asubuhi yake alivaa lile gauni la sherehe na kwenda serikalini. Alianza kwenye dirisha la kwanza, akapelekwa la pili, la pili likamrudisha la kwanza, la kwanza likasema mhusika katoka, njoo kesho. Alikuja kesho, na kesho nyingine. Alijua majina ya watoto wa mfagizi kabla ya kumjua mhusika. Mwishowe alikaa sakafuni katikati ya njia na kusema haondoki ng'o, na Afisa mmoja, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, akaona heri aende akauone mlango huo.

Alifika saa nane kasoro, akapewa kigoda na chai. Mlango ulipofunguliwa akalitazama lile jiko, akamtazama Kitinda, akatikisa kichwa kukubali kwamba ni kweli.

"Shikamoo, afande," Kitinda akasema.

"Marahaba, binti. Kazi inaendeleaje?"

"Niliunguzwa na pasi. Pasipoti wameifungia. Silali mpaka wote walale."

"Aa, pole. Pole sana." Afisa akapuliza chai yake. Kisha akamgeukia Fundi na kumwelewesha kwa upole ule wa watu ambao jambo haliwahusu. Kwamba kati ya uwanja wa ndege wa hapa na uwanja wa ndege wa kule ni kilomita elfu sita na ushei. Kwamba safari yake ni masaa manane, labda upepo uwe mbaya. Kwamba huo ndio umbali unaotambulika.

"Mimi nimepima," Fundi akasema. "Ni inchi sita."

"Umepima na nini?"

Fundi akamwonyesha futi.

"Hiyo ni ya nguo, mama."

"Kwani inchi za nguo zina nini?"

Afisa akaiweka chai chini. Alisema tatizo si kwenda. Kwenda, kama alivyosikia habari za yule jogoo wa jirani, hakuna kizuizi, na serikali haina ugomvi na anayekwenda kutafuta riziki. Kurudi ndiko kwenye utaratibu: ruhusa ya mwajiri, tiketi ya mwajiri, na pasipoti, ambayo iko kwa mwajiri.

"Na kama mwajiri ndiye mkosaji?"

"Hapo inabidi mwajiri aandike barua."

"Akiri kwamba anamchoma mtoto?"

"Aeleze tu upande wake," Afisa akasema, akasimama, akashukuru kwa chai. Mlangoni akamshika Fundi bega na kumwambia asivunjike moyo, suala limefika mahali pake na litafanyiwa kazi.

Na likafanyiwa kazi kweli. Kabla ya juma kwisha, walikuja vijana wawili na meza, kiti cha kuzunguka na feni ya kusimama, wakavipanga jikoni kwa Fundi, pembeni ya mlango wa uani. Jiko la Fundi likasogezwa chini ya dirisha. Afisa akakaa, akafungua droo, akatoa muhuri na kuupuliza vumbi. Fundi alilia kwa furaha, ndiyo, alilia, akampikia chakula na kumwekea maji ya kunawa. Alimwambia Jirani kwamba serikali imekuja kumchukua Kitinda. Jirani, kwa mara ya kwanza maishani, akampa hongera.

Saa nane ikakaribia, hodi ikasikika mlango wa mbele. Aliyeingia alikuwa Bwana Tikiti, shati limepigwa pasi mpaka linajisimamia. Nyuma yake kulikuwa na wasichana, kila mmoja na begi dogo, wamejipanga kuanzia barabarani, wakapita katikati ya cherehani na rundo la mapazia ya Madam.

"Mama yangu!" Bwana Tikiti akasema na kufungua mikono. "Si nilikwambia? Saa nane tu!"

Fundi alikuwa na mkasi mkononi, na mkasi ule ulikuwa na mahali ulipotaka kwenda. Afisa akaona, akausogeza taratibu juu ya kabati.

Mpango ulikuwa mwepisi. Mlango umetambuliwa, upande wa kwenda. Wasichana watapita hapa badala ya kupanda ndege, ingawa nauli ya ndege walishaitoa na haikurudi. Madam atawapokea jikoni kwake na kuwagawa kwenye nyumba za wenzie, na kwa usumbufu wa kukanyagiwa sakafu naye atapata chake. Wote walikuwa wamekubaliana. Aliyebaki kuambiwa ni mwenye nyumba. Saa nane ilipogonga Fundi akafungua mlango, akasimama kizingitini.

"Hapiti mtu," Fundi akasema. "Wallahi hapiti mtu. Wasichana, njooni muone. Kitinda, lete mkono."

Kitinda akauleta mkono mpaka upande wa nyumbani. Fundi akafungua kile kitambaa, na wasichana wakaja mmojammoja kulitazama kovu. Wengine walisema pole. Wa mwisho, msichana mrefu mwenye kandambili za rangi mbili tofauti, aliliangalia kwa muda mrefu kuliko wote.

"Tumeona, mama," akasema. "Na njaa ya kwetu pia tunaiona."

Akachukua begi lake akarudi kwenye foleni. Fundi akaubamiza mlango na kuusukumia cherehani, ile cherehani nzito ya miguu ambayo wanaume wawili huibeba kwa kupokezana, akaisukuma peke yake, akaikalia. Afisa alimsihi. Bwana Tikiti alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akaona hayashiki, akaanza kutisha. Fundi aliwatukana wote wawili kwa zamu, hakumpunja yeyote. Saa tisa wakaondoka na wasichana wao.

Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Watu wa mtaa walianza kumpita kwa heshima. Jirani alimletea mayai, bila kudai. Kwa siku hizo Fundi hakumwona mwanawe, kwa sababu mlango ule hauwezi kufunguliwa kwa mmoja na kufungwa kwa wengine. Alijua hilo, akapiga moyo konde. Alijiambia Madam atachoka. Alijiambia mtu akikosa faida hulegea.

Siku ya nne, saa nane, mlango ukabishwa kutoka upande wa uani. Hodi ilikuwa ndogo, ya vifundo vya vidole.

"Mama."

Fundi akaweka sikio kwenye mbao.

"Mama, fungua."

"Siwezi, mwanangu. Nikifungua wanapita."

"Najua." Ikapita pumzi ya mtu aliyechoka. "Madam anasema wasichana wa watu hawafiki na wenzie wanamdai. Anasema makosa ni ya mama yangu. Sijala tangu ulipofunga. Jana alinifungia kwenye chumba cha mashine. Leo ameniambia nikubembeleze."

"Na wewe unasemaje?"

Kitinda aliegemea mlango, mbao zikalia.

"Nina njaa, mama," akasema.

Nyuma ya Fundi, jikoni, Afisa alikuwa ameinamisha kichwa anakagua muhuri wake. Bwana Tikiti aliangalia dari. Hakuna aliyemharakisha. Walijua, mbwa hawa, hawakuwa na haja ya kumharakisha.

Fundi aliinuka kwenye cherehani. Akaisukuma kando, na safari hii ilimshinda, ikabidi yule msichana wa kandambili amsaidie. Akafungua.

Kitinda alikuwa amekaa sakafuni, amevaa sweta lake. Fundi akampa kwanza mayai, ya kuchemsha, yalikuwa bado na joto, akamtazama akila, akampa maji. Kisha akauvusha mkono wake akamshika mkono, na Kitinda akasimama. Wakashikana hivyohivyo, mmoja huku na mmoja kule, mikono imekatiza mlango. Fundi alisema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili kwamba Bwana Tikiti ni mwizi wa watoto, kwamba Afisa ni mwizi aliyekalia kiti, kwamba Madam ni mchawi wa mchana kweupe, na kwamba yeye mwenyewe, Fundi, aliyefungua, Mungu atamuuliza na hatakuwa na jibu. Afisa alisubiri amalize. Kisha akagonga muhuri wa kwanza.

Fundi hakuuachia mkono. Hakuna aliyemwambia auachie. Wasichana walilazimika kuinama ili kupita chini ya mikono ile, begi kifuani, hatua moja kizingitini, na kwa kuwa walikuwa watoto waliolelewa, kila aliyefika mbele ya mama mtu mzima alimwamkia kabla ya kuinama.

"Shikamoo, mama."

Salamu ya mtoto haiachwi bila kuitikiwa. "Marahaba," Fundi akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Aliwaitikia wote. Wa mwisho alikuwa yule mrefu mwenye kandambili, ambaye ilimbidi kuinama zaidi ya wenzie. Akapita. Upande wa pili walisimama kwenye sakafu nyeupe, wamekusanyika, hawajui waweke wapi mabegi, na sauti ya Madam ikasikika inakuja kwenye korido.

"Niachie mkono, mama," Kitinda akasema. "Nikawaonyeshe pa kulala."

Akamwachia.